Kikombe cha Saa Nane

Asubuhi niliyoondoka Mkuu, kule Rombo, sikuwa na mpango wowote. Nililala kwenye chumba cha nyuma cha hoteli nilikokuwa napika chapati, nikaamka, nikautazama ule ufa wa ukutani ambao nilikuwa nimeshaujua wote kuanzia juu mpaka chini, nikajua siku zangu pale zimekwisha. Ndivyo nilivyokuwa. Nikishapajua mahali, miguu inaniwasha. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu hiyohiyo, na mpaka kufikia umri wa miaka ishirini na miwili nilikuwa nimeshauza mitumba, nimechuma kahawa za watu na kuosha vyombo katika hoteli ambazo leo sikumbuki hata majina yake. Nilifunga kanga mbili na sweta ndani ya kikapu, nikadandia lori la ndizi lililokuwa linashuka Himo. Ilikuwa miaka ile ambayo mabelo ya mitumba yalikuwa yanafunguliwa njia panda kila siku ya soko, na redio za kutoka ng'ambo ya mpaka zinapiga kelele kila kibanda. Nikakaa kwenye benchi la mama muuza chai, nikaagiza chai na kiazi, nikasubiri siku inionyeshe pa kwenda. Nyuma yangu walikaa wanawake wawili wenye mizigo ya maharage.

"Yule msichana wa kwa wazee kakimbia?"

"Kakimbia mchana kweupe. Kaacha hata kandambili zake."

"Kisa?"

"Si kile chumba cha mwisho. Wanaingizwa wanatembea, wanatoka wamebebwa."

"Yesu na Maria!"

"Na Mama Aikaeli anatafuta mwingine. Atampata wapi mjinga?"

Niliweka kikombe chini nikageuka nikawauliza njia.

Mwezi uliopita tulimzika Mama Aikaeli, na kwenye msiba watu wawili watatu walinisifu kwamba nilikuwa na moyo wa huruma tangu ujana. Niliwaacha waseme. Ukweli ni kwamba sikwenda kule kwa huruma. Nilikwenda kwa sababu niliambiwa kuna chumba, na mimi nikiambiwa kuna chumba siwezi kukaa bila kujua kilichomo. Hofu ilinikuta nikiwa nimeshafika.

Nyumba yenyewe ilikuwa juu huko Vunjo, jengo moja refu la bati katikati ya migomba na kahawa, lenye veranda upande wa bondeni na mlango mmoja mmoja kwa kila vitanda vinne. Ilikuwa na harufu tatu ambazo hazikuachana kamwe: moshi wa kuni, ndizi zinazochemka, na mkojo. Waliishi humo wazee kumi na wanne, watu ambao vihamba vya ukoo wao, yaani mashamba ya migomba ya urithi, vilikwisha kugawanywa, au watoto wao walikwenda mijini wakanyamaza. Mama Aikaeli alinipokea akiwa amevaa mabuti ya mpira, funguo zimening'inia shingoni kwa uzi. Alikuwa mrefu, mkavu, na alizungumza kwa sauti ya chini sana, kiasi kwamba ulilazimika kumsogelea, na ukimsogelea ulijikuta unaogopa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaogopa uchafu?"

"Hapana."

"Unaogopa maiti?"

"Sijui bado."

"Angalau hudanganyi. Ingia."

Alinionyesha jiko, ambako Restituta, mfuaji na mpishi, alikuwa anamenya ndizi huku amekunja uso kama mtu aliyekosewa. Alinionyesha kabati la shuka na choo cha shimo kule nyuma ya uzio wa masale. Chumba cha mwisho hakunionyesha, lakini nilikiona: mlango wa mbao nene mwisho wa veranda, komeo likiwa upande wa nje. Kisha akanipa sheria moja. Kikombe cha mwisho ni saa nane mchana. Baada ya hapo hakuna chai, hakuna uji, hakuna maji, hata wakilia. Jagi lilifungiwa ndani ya kabati la ofisini na ufunguo ulirudi shingoni. Sikuuliza kwa nini. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuuliza, kwa kuwa nilidhani najua: wazee wakinywa jioni wanalowesha vitanda. Kwa miezi mitatu nilikusanya vikombe saa nane kamili kama askari.

Asubuhi pale palikuwa na uhai. Aliyeongoza maneno alikuwa mzee Ndekirwa, tuliyemwita Meku kama Wachagga tunavyowaita wazee wetu. Ujana wake wote aliwabebea Wazungu mizigo mlimani, na shingo yake ilibaki imeinama mbele kana kwamba mzigo bado upo. Alikuwa mchokozi. Nikimletea mtori alikoroga kwa kijiko akauliza, "Nyama imepita juu ya sufuria ikiruka?" Restituta alimjibu kutoka jikoni, "Meku, wewe ulizoea makombo ya Wazungu!" na wazee wote wakacheka. Lakini ikifika saa kumi jioni, hasa kuanzia Juni, ukungu uliposhuka mpaka ukafuta migomba, nyumba iligeuka. Mmoja alianza kuita jina. Mwingine akavua koti akasema anakwenda kwake, na kwake palikuwa pamekwisha miaka mingi. Macho yaliingia ndani, midomo ikakauka, mikono ikachuna blanketi. Nilisimama katikati ya veranda na tochi isiyokuwa na kazi, kwa sababu bado ilikuwa mchana, nikisikiliza watu niliocheka nao asubuhi wakizungumza na watu ambao sikuwaona. Restituta, Mkatoliki wa kusali rozari, aliniambia waziwazi kwamba ni warumu, roho za waliotangulia, zimekuja kuwachukua watu wao kwa kuwa wametoka kwenye vihamba vyao. "Na zinapenda wanaume," alisema. "Wewe angalia. Walioingia chumba cha mwisho wote ni wanaume." Aliyezidi kelele alihamishiwa kule, peke yake, ili wengine wapate kulala, na komeo lilifungwa asije akapotelea migombani. Tangu nifike waliingia wawili. Nilisaidia kuwabeba wote wawili walipotoka.

Mwishoni mwa Juni, jioni moja, Meku Ndekirwa alimsogezea mtu nafasi kwenye benchi. Hapakuwa na mtu. Akamwambia, kwa adabu, aweke mzigo chini apumzike. Siku ya tatu yake alisimama akapiga kelele kwamba mawe yanaporomoka, akamkamata Mama Aikaeli mkono mpaka ukawa mwekundu. Mama Aikaeli aliutazama mkono wake, akasema kwa ile sauti ya chini, "Jumatatu atahamia kule." Ilikuwa Jumatano.

Kibaya zaidi, asubuhi akili yake ilikuwa timamu, na alikuwa ameambiwa. Nilimkuta amekaa kitandani amevaa kofia, uji haujaguswa.

"Manka," aliniambia, "nimepanda ule mlima mara nyingi kuliko umri wako. Sikuwahi kuogopa. Kile chumba nakiogopa. Usiniache nipelekwe kule."

"Meku, sasa mimi nitafanya nini?"

"Sijui. Wewe si unajifanya unajua kuuliza? Uliza."

Kisha, kama alivyozoea kuondoa uzito wa jambo, akaanza hadithi. Kule juu kwenye mawe, alisema, kulikuwa na mpagazi mwenzake mbishi aliyekataa kunywa maji kwa kuwa hakutaka kusimama njiani kila mara. Siku ya pili akaanza kuongea na mama yake, na mama alikuwa amezikwa zamani. Mwenye msafara akamkalisha chini akamnywesha chupa nzima kwa nguvu. "Baada ya muda akatuuliza kwa nini tunamkodolea macho!" Meku alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Niliutazama uji wake, na midomo yake iliyopasuka kama udongo wa Januari.

Siku hiyo nilifanya jambo la kwanza la hatari. Kabla ya saa nane nilijaza maji kwenye chupa ya mafuta ya taa iliyooshwa vizuri, nikaificha chini ya godoro langu, na saa tisa nikampelekea Meku kikombe ndani ya kikapu cha nguo chafu. Njia nzima nilikuwa nasikiliza mabuti ya mpira. Alinishukuru. Saa kumi akamsogezea mtu nafasi kwenye benchi. Ijumaa nikampelekea vikombe viwili, na saa kumi ikawa vilevile. Nikaamini basi ni warumu, Restituta kasema kweli, nami niondoke nikiwa mzima kama yule msichana wa kandambili. Jumamosi mapema nilikuwa nafagia nje nikifikiria njia ya kushukia Himo nilipoona ardhi chini ya dirisha lake. Kila mahali palikuwa pakavu, na pale palikuwa tope, na katikati ya tope chembe nyeupe za uji. Alikuwa anamwaga. Maji yangu, chai, uji wa asubuhi, vyote. Hakunyimwa mchana tu. Asubuhi alijinyima mwenyewe.

Nilimuuliza Bibi Anastazia, aliyekuwa analala chumba cha pili na ambaye hakuna jambo la nyumba ile lililompita. Alikuwa anaota jua, miguu imenyooshwa.

"Bibi, kwa nini Meku anamwaga maji?"

Mabega yakaanza kumtikisika. "Mae! Mtoto wa Rombo mzima, hujui? Mwanaume wa zamani haendi chooni."

"Anakwendaje basi?"

"Haendi! Walipotoka jandoni walituambia wamezibwa. Shida hiyo ni ya wanawake na watoto." Alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga. "Mama zetu walijua, sisi tulijua. Lakini mke aliyesema anajua, huyo si mke. Mume wangu niliishi naye maisha yote, sikumwona hata siku moja akienda. Alikuwa anakwenda kuangalia shamba. Kila asubuhi anaangalia shamba!" Kisha kicheko kikamwishia. "Sasa Ndekirwa atamwambia nani amshike mkono ampeleke? Wewe? Restituta? Bora afe na kiu."

Sisi wafanyakazi tulikuwa watatu, wote wanawake. Bibi aliporudi kufumba macho nilibaki nimesimama na ufagio. Wale wawili niliowabeba. Mmoja alikuwa ananirudishia kikombe kitupu kila mara na kuniambia asante mwanangu, nami nilijisifu kwamba wangu wanakunywa.

Siku hiyohiyo, baada ya uji, nilimwendea Meku nikamwambia ng'ombe wa jirani amezaa, twende akamwone. Alinitazama kwa mashaka. Zizi la jirani lilikuwa ng'ambo ya uzio wa masale, na njia ilipita pembeni ya choo. Tulitembea polepole, mkono wake kwenye bega langu. Tulipofika kwenye masale nilisema, "Meku, wewe tangulia, mimi nachuma majani hapa," nikageuka nikampa mgongo, nikaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti, ili ajue nipo na ajue siangalii. Niliimba beti zote. Nikazirudia. Nyuma yangu hapakusikika kitu. Choo kile kilikuwa na magogo yenye utelezi, na nilimwona akilini mwangu ameanguka, ameteleza shimoni, na kila sehemu ya mwili wangu ilitaka kugeuka. Ningegeuka ningelipoteza lile jambo lote, na nisipogeuka labda ninamuua. Katika maisha yangu nimewahi kukimbizwa na mbwa, nimewahi kuvuka mto uliojaa, lakini sijaogopa kama nilivyoogopa nikiimba wimbo wa Bwana huku nimeshika jani la sale. Ndipo nikahisi mkono begani.

"Huyo ng'ombe mwenyewe mwembamba," alisema. Zizi hakulifikia hata kidogo. Tulipokaribia veranda akasema, akitazama mbele, "Nina kiu."

Alikunywa vikombe vitatu. Kabla ya saa sita tulikwenda kumwona ng'ombe tena, na saa nane, na saa tisa na nusu. Saa kumi hiyo ukungu ulishuka, wengine wakaanza, na yeye akakaa kwenye benchi akiniuliza kama kweli Mkuu kuna hoteli inayojua kupika chapati. Nilikuwa namimina kikombe kingine kutoka kwenye ile chupa nilipoona mabuti ya mpira karibu na kikapu changu.

Mama Aikaeli alinipeleka ofisini, akafunga mlango. Nilidhani atanipiga. Alifungua kabati la shuka.

"Hesabu."

"Mama—"

"Kila kitanda shuka mbili. Moja imetandikwa, moja iko kwenye kamba. Mwezi huu haikauki siku tatu. Kabla hujaja kulikuwa na bibi hapa, alilowana tukakosa ya kumbadilishia. Nilimfunga kanga yangu mwenyewe. Kichomi kikamchukua siku ya nne, amenishika hapa." Alijigusa kifuani. "Nikasema sitazika mtu mwingine kwa shuka mbichi. Wewe unaniona mchawi, eti?"

"Hapana, mama." Nilikuwa nimeshafika mahali ambapo kunyamaza kunatisha zaidi. "Ila mama, walioingia kule wote ni wanaume. Hawanywi. Hata asubuhi hawanywi. Wanaona haya kutuambia wapelekwe. Wanawake wanakwenda wenyewe, wanakunywa bombani tukigeuka."

Alikaa chini. Alikuwa Mchagga kuliko mimi. Sikuhitaji kumweleza la jando. Alizichezea funguo zake kwa muda mrefu.

"Baba yangu alikaa kwenye kiti hivyohivyo," alisema. "Hanywi, anaongea na watu. Tukasema ni uzee." Kisha akauinua uso, na ukawa uleule wa kila siku. "Mpaka Jumatatu. Akilala mbichi akakohoa, ni wewe uliyemuua, na nitasema hivyo kanisani mbele ya watu."

Jumapili sikula. Nilimpeleka kwa ng'ombe kila baada ya saa mbili, nikatandika na kupapasa kitanda chake kila nilipopita. Nilijaribu hata kumwekea majani makavu ya mgomba chini ya shuka, nikidhani nimebuni jambo. Aliyasikia yakilia alipokaa. "Mimi nimekuwa ng'ombe, Manka? Natandikiwa?" Hakuongea nami mpaka nilipoyatoa yote mbele ya macho yake. Jumatatu saa kumi jioni, ukungu umeshuka, Mama Aikaeli alivuta kiti akakaa mbele yake.

"Meku, hapa uko na nani?"

"Niko na wewe na mabuti yako ya mpira," alisema Ndekirwa. "Ulitaka niwe na nani, Gavana?"

Hakuhamishwa. Ndani ya wiki ile kikombe cha mwisho kilisogezwa mpaka saa kumi na moja, na jagi likakaa mezani bila ufunguo. Tukawa na safari za kwenda kuangalia: ng'ombe, kahawa, mfongo, ule mfereji wa mashambani, kama una maji, kila mzee na kitu chake, na hakuna aliyetamka choo. Restituta alilalamika kwamba tunamchelewesha na matembezi, halafu akanyamaza, kwa kuwa shuka zilipungua. Chumba cha mwisho fundi alikitoa komeo, tukaweka jiko la mkaa na kamba, kikawa cha kukaushia nguo. Lakini nisiseme hofu iliondoka. Restituta aliingia mle akiwa na rozari mkononi, na mimi niliokota shuka nikitembea kinyumenyume. Mzee mmoja alikufa Septemba tukiwa tumemnywesha kila siku. Kuna kufa ambako hakuzuiwi na kikombe.

Meku alizidi kudhoofika. Alikataa kwenda na mtu mwingine. Restituta alipomwambia kahawa zimeiva alimjibu azichume. Ilikuwa mimi tu. Siku moja baada ya Krismasi, njiani, alinishika bega kwa nguvu akasema, "Nikishindwa kutembea, utanibeba wewe. Na siku yenyewe ikifika utakuwepo. Nimeshakuchagua." Alisema kama mtu anayetoa zawadi. Nikamwambia ndiyo, Meku. Usiku na mchana neno lile lilikaa nami kama mtu kwenye benchi. Kile chumba nilikiogopa kwa sababu sikujua kilichomo. Hili nililijua lote, kama ule ufa wa Mkuu, kuanzia juu mpaka chini. Katikati ya Januari nilimwambia Restituta nashuka Himo kununua sabuni, nikachukua kikapu.

Miaka yote hii sikuuliza. Mwezi uliopita, kwenye mazishi, nilimkuta Restituta amekaa kwenye kiti cha plastiki, amezeeka, na niliogopa kumkaribia. Alinishika mkono akaniambia kabla sijafungua mdomo. Nilipoondoka, siku mbili Meku hakunywa kitu. Ya tatu, saa nne asubuhi, mbele ya wazee wote na Mama Aikaeli, alisema kwa sauti, "Wewe Restituta, nipeleke chooni. Na usiniimbie." Hakuna aliyecheka, Restituta alisema, hata Bibi Anastazia. Aliishi mpaka mvua za masika.

Lakini siku ile ya Januari nilikuwa sijui. Himo sikushuka kununua kitu; nilipanda gari la kwanza, nikateremka Moshi mjini, nikazunguka mitaa ya Majengo nikiuliza chumba. Mama mmoja wa Kipare, muuza vitumbua, alikuwa nacho kimoja uani. Alinifungulia mlango, akanionyesha kitanda cha kamba, msumari wa nguo, dirisha lenye wavu.

"Umetokea wapi, mwanangu?"

"Vunjo. Nilikuwa natunza wazee."

"Wamekufa?"

"Hapana, mama. Wapo."

"Sasa nani kabaki nao?"

Nilitazama jua juu ya mabati. Ilikuwa inakaribia saa kumi. "Yupo mtu," nilisema, nikaingia, nikafunga mlango, nikakaa kitandani bila kuvua viatu.